Swali la Meza ya Mwisho

Wanangu mliovaa majoho leo:

Mlipokuwa mwaka wa kwanza, kwenye meza ya mwisho ya chumba cha anatomia, mlikuta figo mbili zilizoungana ncha za chini, mfano wa kiatu cha farasi. Mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, huyu marehemu alikuwa mgonjwa?" Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu juu juu. Swali lile nina deni nalo.

Huenda hakuugua figo hata siku moja. Figo huanzia nyongani mimba ikiwa changa, kisha hupanda hadi karibu na mbavu. Zikishikana njiani, hukwama chini ya ateri ya utumbo mpana, zikafanya makazi hapo. Hali hiyo humpata takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi huzeeka bila kujua. Tofauti nyingine ya maumbile, ateri ya ziada ya figo, ni ya kawaida zaidi: takriban mtu 1 kati ya 4 anayo. Ndiyo maana kabla ya ndugu kumtolea nduguye figo, mishipa huhesabiwa kwanza pichani. Ukiikata ateri hiyo, kipande cha figo inachokilisha hufa, maana hakina mshipa jirani wa kukiokoa.

Lakini ipo tofauti moja inayoniuma kuliko zote. Figo ikiwa na ureta mbili kamili, yaani mirija miwili ya kushusha mkojo kibofuni, ile ya sehemu ya juu hushukia chini kuliko mwenzake. Kwa msichana yaweza kufungukia nje ya msuli unaobana mkojo, hata ukeni. Basi mtoto huenda msalani kama wenzake, na bado hudondoka matone usiku na mchana. Nyumbani huitwa kikojozi. Huchapwa. Shuleni hukaa dawati la peke yake. Si mvivu, si mkaidi, wala hajarogwa; ureta yake imekosea mlango, na upasuaji huweza kumkausha.

Mama akimleta mtoto kama huyo, msikimbilie kuandika dawa. Muulizeni: "Kuna saa yoyote anakuwa mkavu?" Akisema hakuna, mchunguzeni, mpigeni picha ya figo. Na kabla hawajatoka chumbani, mwambieni mama, mtoto akisikia, kwamba mwanawe hana kosa lolote.