KIKULACHO KI NGUONI MWAKO
Hotuba kwa wanachama wafugao samaki



Nimetakiwa niseme nanyi leo juu ya samaki tunaowafuga mabwawani, yaani perege na kambare. Sikuja kusifu faida ya samaki, maana faida yake kila mmoja wetu aijua. Nimekuja kusema juu ya adui. Adui huyu ni mdogo, na mara nyingi haonekani kwa macho, lakini aweza kulimaliza bwawa zima pamoja na jasho la kikundi kizima.

Kwanza naungama kosa langu. Nilipochimba bwawa langu la kwanza nilinunua vifaranga 600. Niliwaleta jioni, nikawamwaga majini jioni ile ile, nikaenda kulala kwa furaha. Siku chache baadaye nikawaona wakijisugua kwenye kingo na matete, kama ng'ombe mwenye kupe. Nikacheka, nikidhani wanacheza. Juma la pili walikusanyika mahali maji yanapoingilia, wakihema juu juu. Juma la tatu nilikuwa naokota mizoga kwa kikapu. Adui sikumwona akiingia, kwa kuwa nilimbeba mimi mwenyewe ndani ya ndoo.

Ndugu zangu, neno ninalotaka mrudi nalo nyumbani ni hilo. Mara nyingi adui huyu huingia kwa mkono wetu wenyewe, na kwa mkono wetu aweza kuzuiliwa.

Basi tuwajue maadui hawa mmoja mmoja.

Wa kwanza huleta madoa meupe, kama punje za chumvi zilizonyunyizwa mwilini. Kijidudu hiki hukaa chini ya ngozi ya samaki. Kikishiba hutoka, hushuka chini ya maji, hujifunika na kugawanyika kuwa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Katika maji ya joto mzunguko huo wote hautimizi hata juma moja.

Wa pili ni trikodina. Ni mviringo kama kisahani, na haonekani bila darubini. Hupenda maji machafu na samaki waliosongamana, na vifaranga ndio huumia zaidi. Ngozi hufunikwa na ute mwingi wa rangi ya kijivu.

Wa tatu ni minyoo midogo ya kulabu, isiyofika hata milimita moja. Mmoja hushika ngozi na mapezi, mwingine hushika mashavu anayovutia pumzi samaki. Yule wa ngozi hazai mayai. Huzaa mtoto aliye hai, na mtoto huyo huzaliwa akiwa tayari na mimba! Basi msishangae mnyoo mmoja akiwa jeshi.

Wa nne ni chawa wa samaki, bapa kama sarafu ndogo, nusu sentimita au zaidi. Huyu mwaweza kumwona akitembea juu ya samaki. Humchoma na kumfyonza, kisha jike huondoka kwenda kutaga mayai kwenye mawe, miti na mimea. Wa tano ni mnyoo nanga. Kwa kweli si mnyoo, ni jamaa ya kamba. Huonekana kama uzi unaoning'inia ubavuni, na kichwa chake kimezama ndani ya nyama. Mwisho wako ruba, ambao nyote mwawajua.

Sasa twawatambuaje? Jicho la mfugaji ndilo askari wa kwanza. Tazameni samaki asubuhi wakati wa kuwalisha. Je, wanakataa chakula? Wanajisugua? Wamebana mapezi? Wanahema juu ya maji? Mkiona hivyo, msingoje kesho. Kamateni samaki wawili watatu walio hai, mkawapeleke kwa bwana samaki mwenye darubini. Yeye atakwangua ute ubavuni, toka kichwani kuelekea mkiani, na kuutazama pamoja na tone la maji ya bwawa. Msimpelekee mzoga wa jana, kwa sababu samaki akifa wengi wa wadudu hawa humhama au hufa naye. Na msikisie. Kuhema juu ya maji huweza pia kuletwa na upungufu wa hewa majini, na dawa ya wadudu haitaongeza hewa.

Nakuja kwenye kinga. Kwanza, vifaranga wapya wasiingie bwawani siku ile ile. Wawekwe peke yao kwa majuma mawili au zaidi, na nyavu na ndoo zao ziwe mbali. Kabla ya kuwatia, waogesheni katika maji ya chumvi, gramu 200 katika ndoo ya lita 20, kwa muda wa dakika 20. Anzeni na wachache, na mtu asiondoke hapo. Samaki akianza kupinduka, arudishwe mara moja katika maji safi. Chumvi hupunguza trikodina na minyoo ya kulabu, lakini chawa na mnyoo nanga hawaiogopi sana.

Pili, msijaze samaki kupita kiasi, wala msitupe chakula kikaoza. Tatu, baada ya mavuno kausheni bwawa mpaka tope lipasuke. Penye unyevu nyunyizeni chokaa kali, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita mraba 100, mkijikinga mikono na macho, kisha mngoje majuma mawili. Nne, kwa chawa, zamisheni vipande vya mbao bwawani, kisha mvitoe kila baada ya siku chache na kuvianika juani pamoja na mayai yaliyotagwa juu yake.

Na dawa je? Dawa ya madoa meupe haimfikii mdudu aliye chini ya ngozi. Humwua yule anayeogelea tu, kwa hiyo kuitia mara moja hakutoshi. Lakini kuna jambo baya zaidi. Wako watu wanaomimina bwawani dawa ya kuulia wadudu wa pamba au mboga. Jambo hili halifai hata kidogo! Samaki huyo ataliwa na watoto wetu. Wadudu hawa wa nje hawamdhuru mtu anayekula samaki aliyepikwa vizuri, bali sumu ile yaweza kumdhuru.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya maskini tu. Norwe ni nchi tajiri. Katika miaka ya 1970 mnyoo mmoja wa kulabu aliingia huko pamoja na samaki aina ya salmoni walioletwa toka Uswidi kwa ufugaji. Ulienea katika mito ipatayo 50, na salmoni wachanga wakafa kwa wingi. Ili kuumaliza, serikali yao ililazimika kutia sumu katika mito mingi na kuwaua samaki wote waliokuwamo, wema na wabaya, kisha kuanza upya. Gharama hiyo yote ilitokana na vifaranga ambao hawakukaguliwa mlangoni.

Sisi hatuna fedha za kutia sumu mito, wala hatutaki. Tunayo chumvi, jua, macho na subira ya majuma mawili. Tena maji ya bwawa langu huteremka mpaka bwawa la jirani, na uzembe wangu huteremka nayo. Kwa hiyo nashauri kila kikundi kiamue leo, kabla hatujatawanyika, ni bwawa lipi dogo litakalokuwa la kupokelea wageni, na ni nani atakayelilinda.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.