Tusome Nini, Tumsikilize Nani?

Mada iliyotolewa mbele ya watumiaji wa maktaba ya usharika katika Juma la Jubilei ya Miaka 100



Nimepewa jukumu la kupendekeza vitabu na tovuti zinazoweza kuwasaidia watumiaji wa maktaba yetu kukua katika imani. Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki: maktaba ya nini, ikiwa karibu kila nyumba ina simu inayoleta mahubiri usiku na mchana? Naomba tuanzie hapo.

Mwezi wa Aprili 2023, jirani zetu wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Wengi walikuwa waumini walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Bwana, na mhubiri wao alikuwa amesambaza mafundisho yake kwa televisheni na kwa video za intaneti. Mahubiri walikuwa nayo tele. Kipimo cha kuyapimia ndicho kilichokosekana. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuhakikisha kama hata aliyoyasema Paulo yalikuwa kweli. Basi kazi ya kwanza ya maktaba ya kanisa ni kumpa Mkristo kipimo.

Kipimo cha kwanza ni Biblia yenyewe. Tukumbuke kwamba Biblia yetu ya Kiswahili imepita katika mikono mingi. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891, baada ya kazi kubwa iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere. Mwaka 1937 ikatoka tafsiri ya Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Usambara, ambaye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, na katika miaka ya 1990 ikafuata Habari Njema, yenye lugha nyepesi. Ushauri wangu ni huu: mstari ukikutatiza, usome katika tafsiri mbili, kisha soma sura nzima ulimotoka. Mafundisho mengi ya upotovu hujengwa juu ya mstari mmoja uliokatwa kutoka kwa ndugu zake. Chukua pia itifaki ya Biblia, kitabu kinachoonyesha kila neno limetajwa wapi, ufuatilie neno kama "baraka" au "kufunga" toka Agano la Kale hadi Jipya.

Kipimo cha pili ni Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Wengi wetu tuliifunga siku ile tulipopokea Kipaimara, tukadhani tumehitimu. Lakini Luther aliiandika mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saksonia na kuhuzunika kwa jinsi watu, na hata wachungaji wao, walivyokuwa hawajui mambo ya msingi. Sehemu zake za kwanza zilitolewa kama karatasi za kubandika ukutani, na aliwakusudia wakuu wa nyumba wawafundishe walio nyumbani mwao. Luther hakuukimbia mtambo wa kuchapa, uliokuwa teknolojia mpya ya siku zake. Aliutumia ili chakula safi kifike mezani pa kila familia. Nasi tuitendee simu vivyo hivyo.

Pamoja na Katekisimo, someni Ungamo la Augsburg. Liliandikwa na Philipp Melanchthon na kusomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530. Waliotia saini walikuwa watawala na wawakilishi wa miji, yaani walei kama ninyi. Kifungu chake cha nne kinafundisha kwamba mwanadamu anahesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Mwenye kukielewa kifungu hicho, akiambiwa atume fedha kwa njia ya simu ili afunguliwe milango ya baraka, atajua la kujibu.

Kipimo cha tatu ni historia ya wale waliotutangulia. Misheni ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893, na mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wasomao Kiingereza wakitafute kitabu cha Bengt Sundkler, Bara Bukoba, kilichotoka kwa lugha hiyo mwaka 1980, waone jinsi Injili ilivyoenezwa na Waafrika wenyewe, njiani na majumbani. Wafuatilie pia maandiko ya Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977.

Sasa nije kwenye mtandao. Kuna programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, ambamo Biblia ya Kiswahili husomwa bure. Kwa Kiingereza, tovuti ya Book of Concord ina maandiko yote ya ungamo la Kilutheri, na Christian Classics Ethereal Library ina vitabu vya mababa wa kanisa, kama Augustino. Kamusi ya Wasifu wa Wakristo wa Afrika, ambayo mradi wake ulianza mwaka 1995, hukusanya habari za wainjilisti, wachungaji na akina mama wa imani wa bara letu, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Nacho Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, kimeweka mtandaoni hifadhi ya picha za misheni, zikiwamo za wamisionari wa Leipzig hapa Kilimanjaro. Vijana, kaeni na babu na bibi zenu mbele ya picha hizo. Huenda wakawatambua watu ambao mpiga picha hakuandika majina yao. Wazee wetu wakituacha kabla hatujawauliza, picha zitabaki na majina yatapotea.

Hata tovuti njema zina mipaka yake. Jina la Kilutheri pekee halitoshi. Sinodi ya Missouri ya Marekani, ambayo watu wake wameandika mengi mtandaoni, haiwabariki wanawake kuwa wachungaji, KKKT inawabariki. Msomaji asiyejua hilo anaweza kudhani kanisa lake limepotoka. Kwa hiyo, kabla ya kupokea fundisho lolote, uliza: Aliyesema ni nani, naye anawajibika kwa kanisa gani? Je, analifafanua Andiko lote au kipande tu? Anamwelekeza msikilizaji kwa Kristo, au kwa nafsi yake na mfuko wake? Je, anamkataza mtu asiende hospitali, asile, asizungumze na ndugu zake? Ukipata jibu baya hata kwa swali moja, zima simu, umwendee mchungaji au mzee wa kanisa wa mtaa wako.

Napendekeza basi kila mtaa uchague kitabu kimoja kwa mwaka na kukisoma kwa pamoja katika ibada za nyumba kwa nyumba, ukianza na Katekisimo Ndogo. Vitabu vimo kabatini, na daftari la kuazima liko mezani. Waliotutangulia walijifunza kusoma ili wapate kulisoma Neno. Sisi tuliozaliwa tukiikuta shule tayari tuna deni kwao.

Mungu aibariki maktaba hii na wote watakaoitumia.