Pango la Nyumba na Malezi ya Watoto: Je, Aliye Kazini Ana Haki ya Kuomba?



Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu huzungumzwa jikoni, tena kwa sauti ya chini. Je, mume na mke ambao wote wawili wako kazini, na ambao wanalipia malezi ya watoto wao, wanaweza kuomba msaada wa pango hapa Uingereza? Jawabu ni kwamba wanaweza, na wengi hawajui. Wamo katika ukoo huu walioambiwa na jirani, "Nyinyi mna kazi, hamna chenu pale," wakaridhika. Na mwisho wake mama akaacha kazi kwa kuwa mshahara wake wote ulikuwa ukiishia kwa mlezi wa mtoto.

Zamani msaada huu uliitwa Housing Benefit, ukilipwa na halmashauri, na mimi nimemalizia utumishi wangu katika idara hiyo. Kuanzia mwaka 2013 serikali ilianza kuuhamishia katika mpango uitwao Universal Credit. Leo mtu aliye katika umri wa kufanya kazi huuombea huko, isipokuwa yule anayekaa katika nyumba ya muda aliyopewa na halmashauri, au nyumba ya uangalizi maalumu. Wazee waliofikia umri wa pensheni wao wamebaki na halmashauri.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu hupotea. Hakuna kiwango kimoja cha mshahara ambacho ukikipita mlango unafungwa. Kwanza hujumlishwa mahitaji ya nyumba yenu: posho ya mume na mke, posho ya watoto, pango, na asilimia 85 ya gharama za malezi mlizokwisha kulipa, kwa kikomo kilichowekwa. Kisha hutazamwa mshahara unaofika mkononi baada ya makato. Sehemu yake ya kwanza haiguswi. Kwa kila pauni inayozidi hapo, hupunguzwa peni 55 kutoka katika jumla ile.

Nitatoa mfano kwa viwango vya Aprili 2025. Navyo hubadilika kila Aprili, basi msivikariri. Mume ni dereva wa basi, mke ni muuguzi, wana watoto wawili wadogo waliozaliwa baada ya Aprili 2017, na pango la shirika la nyumba ni pauni 1,200 kwa mwezi. Posho yao wawili ni kama 628, ya watoto kama 586. Ukiongeza pango unapata 2,414. Mishahara yao miwili ikifika mkononi ni 5,000. Ondoa 411 zisizoguswa, zibaki 4,589. Asilimia 55 yake ni kama 2,524. Hizo zimeshinda 2,414, kwa hiyo hawapati kitu, na jirani amesema kweli.

Lakini watoto wanalelewa kwa pauni 1,000 kwa mwezi. Asilimia 85 ni 850. Jumla ya mahitaji inakuwa 3,264. Toa 2,524, na familia ile ile iliyoambiwa haina chake inapata pauni 740 kila mwezi. Mishahara haikubadilika hata peni. Kwa hiyo anayeulizia pango peke yake bila ya kutaja malezi amejinyima kwa ulimi wake mwenyewe.

Wote wawili lazima wawe kazini, isipokuwa kama mmoja ana maradhi au anamuuguza mtu kwa namna inayotambuliwa na sheria. Mlezi naye lazima awe ameandikishwa rasmi. Na hapa, mama zangu, msinikasirikie: bibi anayewalea wajukuu nyumbani kwao hahesabiwi, hata mkimlipa, hata akiwapikia uji kila asubuhi. Sheria haikuona thamani yake, sisi tunaiona. Risiti za kituo zitunzeni na mziarifu mapema, kabla ya kumalizika kipindi cha hesabu kinachofuata kile mlicholipia. Fedha hurudishwa baada ya kulipa, lakini tangu Juni 2023 anayeanza kazi au kuongeza saa anaweza kuomba msaada wa malipo ya kwanza.

Jambo la pili lahusu tabia yetu ya kukaribishana. Mpwa aliyetimiza miaka 21 akikaa kwenu, hata kama analala sebuleni, kwa kawaida msaada wa pango hupunguzwa kwa ajili yake. Mwaka 2025 ilikuwa kama pauni 93 kwa mwezi. Sisemi mmfukuze. Nasema naye achangie.

La tatu ni mali. Mkiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 hamstahiki, na kiwanja kilichoko Unguja au Mombasa kwa jina lako ni mali vile vile, ijapokuwa hakijaota hata mnazi. Nyumba anamokaa mama yako mzee aliyefikia umri wa pensheni inaweza kusamehewa, lakini itajeni. Kuificha ni kosa la jinai.

Ambao viza zao zinakataza fedha za umma wasiombe kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji, hata kama mwenza wake ana ruhusa. Na wenye kutumia mpango wa serikali wa malezi usiotozwa kodi wajue kuwa hauendi pamoja na Universal Credit; wafanye hesabu zote mbili, kisha wachague.

Najua wako wanaoona haya, wakasema sisi hatukuja huku kuomba. Muuguzi na dereva wale hawaombi sadaka. Wanakatwa kodi kila mwezi, na bunge lililoweka kodi ndilo lililoweka na haki hii.

Baada ya chakula cha mchana nitakuwa kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Atakayekuja aje na hati za mshahara za mwezi uliopita, mkataba wa pango na risiti za malezi. Mazungumzo yetu yatabaki pale pale mezani.