Twende Tukaone Kwanza: Safari ya Siku Moja Kutoka Manika

Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa familia zilizohama na wazee wa vijiji, komini ya Manika, Kolwezi



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linaloonekana dogo: safari ya siku moja kwa motokari, kutoka hapa Manika kwenda mashambani na kurudi kabla ya giza. Wengine mmekwisha kuipanda ile Land Cruiser nyeupe. Wengine mtaipanda kiangazi kikifika. Tungependa kila mmoja apande akijua anakwenda kufanya nini, na kila kijiji kitakachotupokea kijue kwa nini tumekuja.

Kwa nini kwenda kuona

Huko Uturuki watalii hulipa pesa wapelekwe kwa jeep siku nzima, katika njia za milima na vijiji, kiongozi wa njia akiwaeleza wanayoyaona. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanaijua kazi hiyo katika mbuga zao. Ni kazi ya heshima. Lakini mtalii jioni anarudi hotelini, na kijiji alichopitia hakimdai kitu. Sisi tukirudi jioni, kuna watu wanatungoja ili waamue wataishi wapi. Na huko tulikotoka kuna watu wanaojiuliza kama mashamba yao bado ni yao.

Mji wetu unajua maana ya kuhamishwa bila kuona. Mwaka 1978, wakati wa vita vya Kolwezi, familia nyingi zilikimbia bila kuchagua njia. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika Katanga. Hapa Kolwezi na kule Likasi watu walilala stesheni wakingoja treni, na wengine walifariki kabla ya kufika. Wengi walikuwa wamezaliwa huku. Walipelekwa mahali ambapo hawajapata kupaona, na waliowapokea hawakuulizwa. Miaka imepita, lakini wako kati yetu wanaokumbuka stesheni ile.

Katika miaka ya karibu watu wanahama kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu kuondolewa kwa nguvu ili kupanua migodi ya shaba na kobalti. Wengine walikuja kwetu kutoka Kasai wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, vilivyoanza mwaka 2016.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, na Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009, zinasema neno moja: mtu aliyehama achague mwenyewe, kwa hiari na kwa kujua. Anaweza kurudi kwake, kubaki alipo, au kuhamia mahali pengine. Mtu hawezi kuchagua kitu asichokijua. Ndiyo sababu ya safari hii.

Motokari nyeupe inaogopesha

Katika jimbo letu la Lualaba, motokari ya porini ikiingia kijijini, watu hawafikirii amani. Wanafikiri juu ya kupimwa. Wamekwisha kuona watu wakishuka na ramani, wakipigilia vigingi, na baada ya muda kijiji kinaambiwa kiondoke.

Kiangazi kimoja tulikuwa upande wa Mutshatsha. Kijiji tulichokwendea kilikuwa kimepata barua yetu, lakini njia ilipita katika kitongoji kingine. Akina mama walikuwa wanaanika mihogo. Walipoiona motokari wakaiacha mihogo juani, wakaingia nyuma ya nyumba. Mzee mmoja akabaki kwenye kiti chake. Hakutusalimu. Akauliza swali moja tu: "Munakuya kupima?"

Aliyemjibu hakuwa mtu wa shirika. Kiongozi wetu wa njia, mtu mzima wa kijiji cha mbele, alishuka, akaketi chini karibu na mzee, wakaongea kwa lugha yao. Sisi tulingoja. Mama mmoja akarudi kugeuza mihogo yake. Mzee aliposema "Pitieni", ndipo tukapita.

Jambo hili linatufundisha kazi yote ya maandalizi. Barua ifike kwa shefu mapema, na ifike pia kwa kila kitongoji cha njiani. Jibu la shefu lingojewe. Akisema "bado", maana yake ni bado. Kiongozi wa njia awe mtu wa huko, anayejulikana, na akae mbele pamoja na dereva, vioo vikiwa chini ili watu wamwone uso. Karibu na nyumba motokari iende mwendo wa mtu anayetembea, maana vumbi letu jekundu linaingia katika vyungu vya watu.

Tukifika, kabla ya kuonyeshwa lolote, tuseme mambo matatu: sisi ni nani, tumemleta nani, na ni nini hatukuleta. Hatukuleta pesa, hatukuleta chombo cha kupimia, hatukuleta karatasi ya kutia sahihi. Hilo la tatu ndilo linalofungua midomo ya watu.

Nani apande

Viti vya nyuma vya motokari ile vinatazamana. Mtu unakaa magoti yako yakigusana na ya mwenzako, saa tatu au nne. Tumemwona mama wa Kasai na mzee wa kijiji cha huku wakianza safari kila mmoja akitazama nje, na kabla ya saa sita wanabishana namna ya kupika sombe. Motokari ikikwama katika mchanga, wote wanashuka kusukuma, na hakuna anayeuliza kabila la anayesukuma.

Hayo ni mazuri, lakini tusijidanganye. Kusukuma motokari pamoja hakugawanyi shamba. Watu waliocheka pamoja njiani wanaweza kugombana siku ya kulima, kama hawakuulizana maswali magumu. Kwa hiyo tunaomba wasipande viongozi peke yao. Wapande akina mama wasiopungua nusu, kijana mmoja anayejua kuandika, na mtu mmoja ambaye hataki kwenda kukaa huko. Huyo ndiye atakayeona ambayo wengine hawataki kuyaona.

Nini cha kutazama

Kwanza, maji. Msiishie kuonyeshwa kisima. Akina mama watembee mpaka mtoni au kisimani na kurudi wakiwa na ndoo imejaa, pamoja na akina mama wa kijiji. Njiani watajua mengi kuliko yatakayosemwa barazani: kama maji yanakauka mwezi wa tisa, kama kuna foleni, kama kuna ugomvi.

Pili, majira. Karibu safari zote tunazifanya kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua njia hazipitiki. Kwa hiyo tunaona nchi siku ambayo imevaa vizuri. Muulizeni kiongozi wa njia: mwezi wa kwanza maji yanafika wapi? Mama mwenye uchungu wa kuzaa anapelekwaje kwenye kituo cha afya? Mwalimu anabaki, au anarudi mjini?

Tatu, nguzo. Mkiona nguzo ya saruji yenye maandishi katikati ya pori, simameni na muulize ni ya nani. Inaweza kuwa mpaka wa eneo la madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye kibali awalipe fidia wakaaji wa eneo anaowaharibia mashamba na nyumba. Lakini ni afadhali kujua kabla ya kujenga. Ofisi ya Kadasta ya Madini, CAMI, ina ramani za vibali, na ramani hizo si siri. Andikeni jina la kijiji na la mto ulio karibu, ili tukaulize. Familia iliyofukuzwa mara moja kwa ajili ya mgodi isipelekwe kufukuzwa mara ya pili.

Nne, na hapa tunaomba mtusikilize sana, shamba lililolala. Katika misitu yetu ya miombo, shamba likichoka linaachwa miaka kadhaa lipumzike. Miti midogo inaota, nyasi inafunika matuta. Anayepita na motokari anatazama kwa dirisha na kusema: "Nchi tupu, hapa hapana mwenyewe." Shukeni. Tembeeni na mtu wa huko. Atawaonyesha matuta ya zamani chini ya nyasi. Atawaambia mwembe ule ulipandwa na nani, na ni mtoto gani wa ukoo gani atakayelima hapo tena.

Shamba lililolala si shamba lisilo na mwenyewe. Ninyi mliohama mnalijua jambo hili kuliko sisi. Leo, huko mlikotoka, nyasi imefunika matuta yenu pia. Kama mtu atapita pale na motokari aseme hapana mwenyewe, ninyi mtasemaje? Basi neno mnalotaka lisemwe kwa ajili ya shamba lenu, lisemeni ninyi kwa ajili ya shamba la mwenyeji wenu.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Hata hivyo, kijijini ni shefu na wakubwa wa koo ndio wanaojua nani analima wapi. Kwa hiyo ruhusa ya upande mmoja haitoshi. Neno la shefu bila kuuliza ofisini linaweza kuvunjwa na karatasi. Karatasi ya ofisini bila neno la shefu inaweza kuleta mapanga. Ulizeni pande zote mbili, na ulizeni pia juu ya pori: nani anakata makala, nani anaokota uyoga, wapi ni makaburi yasiyokanyagwa.

Kurudi na kusema

Siku ya safari hakuna anayekubali, hakuna anayekataa. Bukari tuliyokaribishwa isiwe deni. Shefu asiombwe jibu mbele ya wageni, maana mwenyeji mwenye adabu hawezi kumwambia mgeni "hapana" sahani ikiwa bado mezani.

Tukirudi Manika, kila aliyepanda aseme aliyoyaona, hata yale mabaya. Akina mama wapewe baraza lao kwanza, kisha baraza la wote. Kijana asome alivyoandika. Wale ambao hawakupanda waulize mpaka waridhike. Kiongozi asifiche kwamba maji ni mbali kwa sababu anataka watu waende. Na asifiche kwamba udongo ni mzuri kwa sababu yeye anataka kubaki mjini. Kiongozi aliyetumwa kuona ni macho ya watu wengi. Akificha, amewafumba wote.

Neno letu la mwisho ni kwenu, mashefu na wazee wa vijiji. Safari hii ina upande wa pili, nao unasahauliwa mara nyingi. Ninyi pia mna haki ya kwenda kuona. Tunawaomba mpande motokari hiyo hiyo mje Manika. Mlale usiku mmoja katika nyumba ambamo familia tatu zinaishi. Muulize hawa watu walikuwa wanafanya kazi gani, watoto wao ni wangapi, wanasali wapi, walikimbia nini. Kisha mrudi kwenu, mkawaeleze watu wenu kama tunavyowaeleza wetu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana haki ya kumjua mgeni kabla ya kumfungulia mlango, na akimfungulia kwa kumjua, hatamfukuza kwa uvumi.



Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Je, katika kikundi chenu ni nani hajapata nafasi ya kupanda motokari kwenda kuona? Kwa nini?

2. Kijiji kikisema "bado", tutawajibuje watu wetu wanaongoja?

3. Ni alama gani zinaonyesha kwamba shamba lililolala lina mwenyewe? Kila mmoja aeleze desturi ya kwao.

4. Mashefu wakija kututembelea Manika, tutawaonyesha nini, na ni nini tungependa kuwaficha? Kwa nini tunataka kukificha?