Uadilifu na Hekima katika Uongozi Unaostahimili Misukosuko



Kiongozi imara, kwa fikra za wengi wetu, ni yule asiyeachia kiti wala kubadili msimamo. Mada hii inatetea hoja nyingine: uongozi huhimili misukosuko pale kiongozi anapokuwa na uadilifu wa kubeba lawama pamoja na hekima ya kubadili njia, na sifa moja ikikosekana, nyingine haitoshi. Ushahidi nautoa katika historia ya Tanzania tangu Azimio la Arusha la 1967 hadi katikati ya miaka ya 1990.

Katika miaka ya 1970, watuhumiwa walipoteza maisha mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakuwatesa yeye, lakini alijiuzulu kwa kuwa waliotesa walikuwa chini ya wizara yake. Hatua hiyo haikummaliza kisiasa. Alikwenda kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alikabidhiwa uchumi uliodhoofishwa na Vita vya Kagera, bei ya mafuta na mashirika ya umma yasiyozalisha vya kutosha. Mtangulizi wake, Mwalimu Nyerere, aliyepinga masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, alikuwa ameng'atuka kwa hiari. Mrithi wake akafikia makubaliano na shirika hilo mwaka 1986 na kufungua milango ya biashara. Nchi ikageuza mwelekeo wa uchumi bila kumwaga damu.

Wapo watakaosema kwamba uadilifu haujazi ghala. Ni kweli: uaminifu wa Mwalimu haukuzuia makosa ya operesheni ya vijiji, ambamo wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu. Wengine watasema kubadili njia hufungua mlango wa ufisadi. Nalo lina uzito: Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko ya Azimio la Arusha iliyowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha, na mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilionyesha jinsi rushwa ilivyokuwa imeenea. Lakini pingamizi hizi mbili zinaitia nguvu hoja yangu, kwa sababu kila moja inaeleza kilichotokea sifa moja ilipobaki bila nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba taifa hujengwa kwa taasisi, wala halipaswi kutegemea hulka ya mtu. Nakubali kwamba tunahitaji sheria, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tunayo tangu 1995. Hata hivyo, sheria inaweza kumlazimisha kiongozi kutangaza mali zake. Haiwezi kumfanya aone aibu kwa kosa la walio chini yake, wala kumfundisha wakati wa kusikiliza wanaompinga. Taasisi huendeshwa na watu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba wenye mamlaka ya kuteua, na sisi wapiga kura, tumuulize kila anayetaka uongozi maswali mawili: ni lini alibeba lawama ambayo angeweza kuikwepa, na ni lini alibadili uamuzi baada ya kuonyeshwa ushahidi? Asiye na jibu kwa yote mawili asikabidhiwe dhamana kubwa.