Kusomea Sheria: Hesabu ya Njia Nzima

Maandishi ya hotuba kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, swali moja hurudi: mtoto amefaulu, anataka kuwa wakili, je, mali ya nyumbani iuzwe au isiuzwe?

Chukulia mama mmoja wa Kinango. Anauza maziwa, ana ng'ombe sita na ekari mbili zenye hati. Bintiye amepata B, na katika Kiswahili amepata B+. Mjomba wa msichana hana shaka: "Dada, uza. Wakili halali njaa." Mama ananyamaza. Anamkumbuka jirani aliyeuza shamba kumsomesha kijana ambaye sasa ana digrii ya sheria na anaendesha bodaboda. Mjomba anazungumza juu ya mwisho wa safari. Mama anauliza nauli ni kiasi gani, na swali lake ndilo linalostahili kujibiwa kwanza.

Digrii ya sheria, yaani LLB, huchukua miaka minne. Familia nyingi huhesabu karo ya miaka hiyo minne na kuishia hapo. Lakini LLB peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili nchini Kenya. Baada ya kuvaa joho siku ya mahafali, binti huyu atatakiwa kujiunga na Chuo cha Mafunzo ya Sheria, kile kinachojulikana kwa kifupi kama KSL, kilichoko Karen, Nairobi. Huko atasoma mwaka mmoja, afanye mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na akae miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu kama mwanagenzi. Ndipo aombe kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake liingie katika orodha ya mawakili.

Hii miezi 18 ya mwisho ndiyo inayozivunja familia, kwa sababu hakuna aliyeiwekea pesa. Karo ya KSL imekuwa ikikaribia shilingi 190,000. Ongeza chumba, chakula na nauli ya Nairobi. Hata kwa kubana sana, tuseme shilingi 20,000 kwa mwezi, mwaka mmoja ni shilingi 240,000. Jumla tayari ni 430,000. Miezi sita ya uanagenzi ni shilingi 120,000 nyingine za kuishi tu, na afisi nyingi za mawakili humpa mwanagenzi nauli au posho ndogo, nyingine hazimpi chochote. Hapo mama ametumia shilingi 550,000 baada ya mtoto "kumaliza" chuo. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba binti amepita masomo yote tisa mara ya kwanza. Si siri kwamba wengi hawapiti yote kwa mkupuo mmoja, na kila karatasi inayorudiwa hulipiwa upya, tena humrudisha mtu nyuma kwa miezi kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi husahau. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nayo bodi huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika. Hesabu miezi: wakati huo binti yuko Karen au ndiyo kwanza anaanza uanagenzi, hana mshahara. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, faini ambayo hukua haraka kuliko deni lenyewe. Aiandikie bodi mapema aeleze hali yake, asingoje barua ya madai.

Kuhusu basari ya kaunti, yafaa lisemwe wazi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya chuo kikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti zimekabidhiwa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basari inapopatikana ni msaada wa kuziba pengo. Mzazi asipange miaka sita kwa kutegemea hundi ambayo huenda mwaka huu ikaja na mwaka ujao isije.

Na baada ya kuapishwa? Sheria ya Mawakili inamtaka wakili mpya afanye kazi ya kuajiriwa kwa angalau miaka miwili kabla ya kufungua afisi yake mwenyewe. Ile picha ya mjomba, ya bango la binti barabarani pale Kinango, haiwezi kutimia mwaka wa kwanza hata kama wateja wapo. Zaidi ya hayo kuna leseni ya kila mwaka ya kulipia. Mishahara ya mwanzo hutofautiana sana: kampuni kubwa za mawakili za Nairobi hulipa vizuri lakini huchukua wachache, na afisi ndogo za mjini huweza kumpa wakili mpya pesa zisizomzidi sana karani wake.

Je, basi sheria haifai? Inafaa, kwa mtoto anayeitaka kazi yenyewe. Kazi ya wakili, sehemu kubwa, ni kusoma kurasa nyingi na kuandika kwa uangalifu: mikataba, hati za ardhi, mirathi, barua. Kusimama mahakamani na kuzungumza kwa sauti ni sehemu ndogo kuliko inavyoonekana kwenye runinga. Njia nyepesi ya kujua kama mtoto anaipenda ni kumpeleka mahakamani. Mahakama ya Kwale iko wazi kwa umma. Kijana akivaa kwa heshima na kuketi nyuma kwa siku mbili tatu, ataona kesi zikiahirishwa, mawakili wakisubiri kuitwa, na wananchi waliokuja peke yao bila mtu wa kuwasemea. Akirudi nyumbani na maswali, hiyo ni dalili nzuri. Akirudi akilalamika kwamba alisinzia, ni bora kujua sasa kuliko mwaka wa tatu.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, mambo mawili yathibitishwe. Kwanza, chuo kikuu husika kiwe na leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria kufundisha sheria. Huko nyuma kuna vyuo vilivyowahi kuamriwa kusimamisha kozi hiyo wanafunzi wakiwa darasani. Pili, sifa za kuingia KSL. Mwenye wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili yuko salama. Aliyepitia diploma baada ya alama za chini aulize KSL na apewe jibu kwa maandishi, kwa kuwa suala hilo limepelekwa mahakamani mara nyingi.

Ipo pia njia fupi ambayo haizungumzwi sana. KSL yenyewe hutoa diploma ya wasaidizi wa kisheria ya miaka miwili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi hao. Vilevile, mwenye LLB halazimiki kukimbilia Karen mwezi unaofuata mahafali. Anaweza kufanya kazi benki, kwenye bima au katika shirika la kijamii, aweke akiba, kisha ajiunge baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kwa yule mama wa Kinango, ushauri ni huu. Aombe nafasi ya chuo cha umma kupitia KUCCPS pamoja na mkopo na ufadhili, ili miaka minne ya kwanza isile mali yake. Auze ng'ombe mmoja kwa matumizi ya kuanzia. Wengine awaache wazae, na maziwa yaendelee kuuzwa, maana mali hiyo itahitajika zaidi mwaka wa tano. Hati ya shamba ibaki sandukuni. Binti naye asingoje barua ya chuo. Jumatatu apande matatu mapema aende Kwale akaketi mahakamani, na mjomba aende naye.