Hoteli Zilitangulia Uchina

Wengi tumesoma kwamba hoteli (za kula, si za kulala) zilianzia Paris miaka ya 1760. Hebu tutazame Uchina. Mji wa Kaifeng, makao makuu ya ufalme wa Song mpaka 1127, ulikuwa na hoteli chungu nzima, zingine wazi hadi usiku wa manane. Meng Yuanlao aliyaandika haya mwaka 1147. Sababu ni wageni: maafisa na wafanyibiashara wa kusini hawakukizoea chakula cha kaskazini, basi zikafunguliwa hoteli za kwao. Aliyetoka Lamu akaja kusoma Nairobi ashaelewa! Na Waislamu je? Kaifeng wapo hadi leo, na hoteli zao huwekwa kibao cha "qingzhen", yaani safi na kweli. Msafiri akikiona anaingia, haulizi nyama imechinjwa na nani.